Isale la Bustani ya Mjini

Baba alipofariki, mama alimzika Kinondoni. Kwa mtu mwingine hiyo si habari, Kinondoni watu wanazikwa kila siku. Lakini baba alikuwa Mchaga, na Mchaga hata akizeekea Temeke, akifa anarudishwa mlimani, akalale kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye migomba na makaburi ya wazee wake. Mama alisema marehemu mwenyewe ndiye aliyemwambia, wodini, wakiwa wawili tu: nizike hapa hapa, karibu na wewe. Shahidi hakuwepo. Na kwa kuwa mama ni Mngoni wa Songea, upande wa baba waliona jambo liko wazi, kwamba mwanamke wa kuja amewanyang'anya maiti yao.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, hakuja msibani, ingawa anaishi Kigamboni, ng'ambo ya maji tu. Alituma ujumbe kwamba hawezi kwenda kumzika mdogo wake ugenini, kisha akanyamaza. Mimi, kusema kweli, ukimya ule haukuninyima usingizi. Shangazi ana mdomo, na nyumba yetu ya Tandika ilipata utulivu ambao haikuwa nao. Aliyeumia ni mama, kwa sababu wifi yake ndiye aliyempokea alipoolewa, akamfundisha kupika mtori, ile supu ya ndizi ya Kichaga, akamtetea kwa mama mkwe.

Mwaka jana tukasikia shangazi anahama moja kwa moja, anarudi Rombo, kule mlimani kwao. Mama aliacha kula vizuri.

"Akipanda basi na kinyongo hiki," aliniambia, "tutakutana tena kwenye jeneza, langu au lake."

"Kwani wewe umekosa nini?"

"Nyie mnadhani msamaha anaomba mkosaji peke yake."

Alikuwa ameshaamua atauombaje. Wachaga wana mmea uitwao isale. Ukimpelekea jani lake mtu mliyekosana, hana ruhusa ya kukataa. Akikataa, lawama inamgeukia yeye. Nikamwambia masale yapo kwenye vitalu vya maua kando ya barabara, nitamnunulia moja ndani ya kopo. Akanitazama kama nimemwambia akaazime pete ya ndoa. Alitaka lile analolijua, na alilijua moja tu, lililo kwenye bustani ya mimea mjini.

Bustani ile iliachwa na Wajerumani, ambao walikuwa wakijaribu humo mimea ya kwenda kulimwa kwingine. Siku hizi imezungukwa na maghorofa ya vioo. Ina michikichi mirefu, vibao vya majina ya Kilatini vinavyoliwa na kutu, kibanda cha zamani cha kukuzia miche kivulini, na tausi wanaotembea kama wenye nyumba. Niliwahi kufanya kazi ofisi ya jirani na nilikuwa nakula chipsi mle kila mchana, bila kuutazama mmea wowote.

Mama alikwenda peke yake kuomba jani. Mlinzi alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akamwambia, "Mama yangu, hapa hatuchumi. Kila mtu akichuma moja, kesho mie nitalinda nini?" Mama akarudi na uamuzi mpya: ikiwa jani haliwezi kwenda kwa wifi, wifi ataletwa kwenye jani. Kazi ya kumleta nikapewa mimi.

Nilimpigia shangazi nikitegemea matusi. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwenu siji, na yeye kwangu asije. Bustani ya serikali haina mwenyeji. Nitapita Jumamosi nikitoka kwenye kivuko."

Jumamosi ile bibi harusi mmoja alikuwa akipigwa picha chini ya michikichi na msafara wake mzima. Shangazi akaja na mkoba kwapani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba."

Mama hata salamu hakukumbuka. Alitangulia nyuma ya kile kibanda, akapiga goti kando ya mmea wenye majani marefu, akalishika jani moja bila kulichuma.

"Wifi, kama nilikosa, nisamehe. Nakuomba kwa isale hili."

Shangazi akatoa miwani kwenye mkoba, akaivaa, akainama.

"Hili si isale," alisema.

Mkono wa mama ulibaki pale pale kwenye jani.

"Isale ni kijani kitupu. Hili lina mstari wa njano katikati. Haya ni maua ya kupambia mabenki."

Hasira ilinipanda. Mama yuko chini, magoti kwenye mchanga, na huyu anamfundisha botania. Na bila isale hakuna kinachomlazimisha; angeweza kufunga mkoba wake na kwenda zake, na asingepata lawama yoyote.

"Nani alikwambia hili ni isale?" shangazi akauliza.

"Ndugu yako. Tukiwa wachumba alinileta hapa akanionyesha. Akasema hili ndilo isale la kwetu, siku nikikukosea nitakuja kulichuma hapa."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Alilishika hivi."

Shangazi akakaa kwenye ukingo wa saruji wa kile kibanda. Akautazama msafara wa harusi ukihamia upande mwingine.

"Aliondoka nyumbani mdogo," alisema. "Kwanza shule ya bweni, halafu huku. Krismasi alikuwa anakuja siku mbili anatuaga. Mtoto wa Kichaga, isale halijui." Akavua miwani. "Basi kweli alisema."

"Alisema nini, wifi?"

"Azikwe hapa. Watu wote niliwaambia, ndugu yangu hawezi kutamka maneno hayo, mwanamke anamsingizia. Kumbe mimi ndiye nisiyemjua."

Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Nilimwonea huruma, na sikuwa nimejiandaa kumwonea huruma. Kisha akamshika mama kiwiko, akamwinua, akamkung'uta mchanga magotini.

"Makaburi ya Kinondoni yanafungwa saa ngapi?" akauliza.

Mama akamwambia hayafungwi.