Facture zote, mwandiko moja

Leo nilifikiri nimepoteza kazi yangu, bandugu.

Mimi ni comptable, mwenye kulipa na kuandika hesabu za association yetu ya kupanda miti, hapa Butembo. Asubui auditeur, mwenye alikuja kuchunguza hesabu zetu, akafungua classeur ya facture za bamama wa Mangina, wenye banatuuzishaka miche.

Akageuza karatasi moja moja. Kisha:

«Madame, bamama kumi na mbili, na mwandiko ni ya mutu moja?»

Nikamwelezea: bengi habajue kuandika. Mama Kahindo, mumoja wao, njo anabaandikiaka, kila moja anaweka alama ya kidole.

Hakuamini. «Mumuite kwa téléphone, nisikie.»

Nikamuita, auditeur akauliza.

«Ndiyo papa, ni mie njo naandikaka zote. Mais munisaidie! Uyo comptable iko na kichwa nguvu! Mvua ililowanisha facture yangu, akakatala kunilipa. Nikarudi mpaka Mangina na pikipiki, juu ya kuleta karatasi ingine tu! Mumukaripie!»

Nilitaka kuingia chini ya meza.

Auditeur akacheka mpaka akatoa lunettes, akapanguse machozi. «Mwenye kukatala facture ya kulowana, hawezi kutunga za uongo!» Akatia sinyatire kwa hesabu zetu.

Mama Kahindo, pardon kwa ile safari. Na aksanti sana kwa kunishitaki!

Ni nani mwingine mushitaki wake alishamuokoa?