Mafundo Kumi na Moja

Watu wa Magomeni, pale Kilosa, walikuwa na msemo wao. Fundi akikuahidi kitanda kwa Jumamosi na Jumamosi ikapita, mwenzako alikuambia, "Hiyo sasa ni safari ya Yeremia." Yeremia mwenyewe aliusikia akiwa chali chini ya gari lake, akaguna, akaendelea kukaza nati.

Alikuwa mzaliwa wa milima ya Mamboya, dereva mstaafu wa serikali, aliyemalizia ujana wake kwenye barabara ya Mikumi akisomba kokoto. Mkewe Lea alifariki mwaka ule wa Uhuru, na mtoto hawakujaliwa. Katika tumbo la mama yake walibaki wawili tu, yeye na dada yake Yudith. Kwao ukoo hufuata tumbo la mama, kwa hiyo dada ndiye nyumbani kwenyewe. Na huyo Yudith aliolewa na Mgogo mwaka arobaini na tisa, akahamishiwa mbali, nyika za kaskazini ya Kongwa, ambako mito ni mchanga mtupu na maji huchimbwa kwa mikono. Watu wa milimani, waliokuzwa na Biblia, walipaita jangwani. Tangu siku hiyo hawakuonana.

Walipokuwa wadogo, mama yao akishuka Kilosa kuuza maharage aliwaachia kamba yenye mafundo, fundo moja kwa kila siku atakayokuwa njiani. Kila jioni Yudith alimshika mdogo wake vidole, wakafungua fundo moja pamoja. Fundo la mwisho likifunguka, mama huyo mlangoni. Siku ya harusi Yeremia alimtania dada yake, akamuuliza kamba yake iko wapi. Yudith akalia. "Mdogo wangu," alisema, "hii haina mafundo."

Basi Yeremia alipanga kumfuata. Mashamba ya mkonge yalipotaifishwa, Landrova moja ya meneja wa shamba ilibaki majanini bila magurudumu, kuku wakitagia ndani. Aliinunua kama chuma chakavu, akaivutisha kwa ng'ombe wa watu mpaka uani kwake. Miaka sita aliitengeneza. Na jioni, gari likilala, alifungua daftari lake la njia.

Daftari hilo lilikuwa kitu cha kuonewa fahari. Kila dereva aliyesimama kunywa chai kwa jirani yake Mwamvua, muuza maandazi, alihojiwa kama mtuhumiwa. Mlima gani unapandwa kwa gia kubwa ya nguvu? Korongo gani lina mchanga unaomeza tairi, na upepo upunguzwe kiasi gani? Yeremia aliandika yote: "Kwa Mzee Lupakisyo mwenye paa la bati, kata kushoto. Kisima cha pili kina chumvi, usijaze rejeta." Angeweza kukuelezea njia nzima akiwa amefumba macho, naye hajawahi kukanyaga hata robo yake.

Mwaka sabini na tatu Samweli, dereva wa lori la ushirika, alileta habari. Alikutana na Yudith mnadani Kongwa. "Amefiwa na mumewe," alisema. "Anasema, mwambie mdogo wangu nipo." Yeremia alimlazimisha ayarudie maneno hayo mara tatu.

Mwaka uliofuata ikaja Operesheni. Watu wakahamishwa kutoka vilimani na mabondeni, wakapangwa kwenye vijiji vipya. Daftari lote likaharibika, maana lilikuwa limejengwa kwa nyumba za watu, na nyumba hazikuwapo tena. Paa la bati la Mzee Lupakisyo lilikuwa limehamishwa pamoja na mwenyewe. Hata huko Mamboya, kilimani alikozaliwa Yeremia, hakubaki mtu. Wote walishushwa bondeni. Likabaki kaburi la mama.

Hapo ndipo alipompa Samweli ujumbe: "Ukimpata dada yangu, mwambie mwakani, baada ya mavuno, nakuja. Nitaanzia kaburini kwa mama, niombe, ndipo nivuke." Samweli akaondoka na ujumbe, kisha akahamishiwa Tabora. Jibu halikuja.

Julai ya mwaka sabini na tano gari lilikuwa tayari. Liliwaka kwa selfu ya kwanza. Madumu ya maji yalijaa, jeki ipo, tairi za spea mbili. Lakini Yeremia akataka na springi ya pili ya akiba. Springi moja alikuwa nayo. Je, ikivunjika?

"Haraka haraka haina baraka," alimwambia Mwamvua.

"Na ngoja ngoja, kaka Yeremia? Ile huumiza nini?"

Akacheka. Mvua zikaja, njia zikafungwa.

Nami nitasema asilolisema yeye. Springi haikuwa springi. Mtu huyu alikuwa mpweke mpaka akazoea kuongea na kabureta, na safari isiyoanza ilikuwa ndiyo kampani yake. Kwenye daftari Yudith alikuwa hai, anamngoja mwisho wa ukurasa. Akienda akakuta kaburi la pili, atarudi kwa nani?

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, Mwamvua alirudi kutoka Chanzuru amejifunga kanga ya msiba. Alisimama uani kwa Yeremia bila hodi.

"Pole, dada," Yeremia alisema. "Nimesikia."

"Sikumkuta dada yangu. Chanzuru hapo, kaka! Ni mwendo wa miguu tu. Kila wiki nasema nitakwenda Ijumaa." Akafuta pua kwa pindo la kanga. "Sitakutania tena. Nenda na springi yako hiyo moja."

Kesho yake asubuhi Yeremia akaondoka. Alipanda Mamboya polepole, akapita kijiji kipya cha bondeni bila kusimama, akaiacha Landrova njia ilipoishia na kumalizia kwa miguu hadi kwenye mahame yao.

Kando ya kaburi kulikuwa na mafiga matatu na majivu yaliyogandishwa na mvua za msimu mmoja. Kwenye msalaba ilifungwa kamba. Aliigusa. Ilikuwa ya gome la mbuyu, na kilimani kule hakuna mbuyu. Kamba hiyo ilitoka upande wa jangwani.

Bibi kizee mmoja, Mama Natalia, alikuwa akikusanya kuni karibu. Yeremia alimwamkia, akamuuliza nani alipiga kambi pale.

"Marahaba, mwanangu. Mwaka jana baada ya mavuno tuliona moshi huku," alisema. "Siku nyingi tu. Tukadhani ni wakaidi wanaoikimbia Operesheni. Nani apande kuulizwa maswali? Tukanyamaza. Halafu moshi ukaisha."

Yeremia alihesabu mafundo kwa vidole. Kumi na moja. Dada yake hakuwa na gari wala daftari. Alipata ujumbe, akafunga mzigo, akaja kwa miguu kumpokea mdogo wake pale alipoahidi kuanzia. Kila jioni alifunga fundo. Kumi yalikazwa sawasawa. La kumi na moja lilikuwa limelegea, kama la mtu aliyegeuka katikati ya kulifunga kutazama njia.

Na siku zote hizo kumi na moja yeye alikuwa Magomeni, safari ya siku moja, akingoja springi.

Alilia kwa sauti, mzee mzima, mpaka Mama Natalia akauweka chini mzigo wake wa kuni. Kisha akaifungua kamba msalabani bila kugusa fundo hata moja, akajivisha shingoni, akateremka. Alikaa kwenye usukani, uso umeelekea Ugogo, akabonyeza selfu. Gari likawaka mara moja, kama lilivyokuwa likiwaka tangu Julai ya mwaka jana.