Enquête ya kudanganya batoto, na vile mama alibeba machine yake kanisani

Ndugu yangu, weye nakwambia hii vile ninaambiaka dada yangu. Wakuu wote, salaam. Sitaongeza chumvi.

Ni Likasi, muji ya machimbo huku Katanga, Congo, ile miaka ya 90 kila kitu ilikuwa inaanguka. Baba alikuwa mutumikaji wa mine, machimbo ya madini, lakini mushahara haikuwa inakuja tena. Chakula yetu ilikuwa inatoka ku machine ya mama ya kushona. Ikipotea ile, ni njaa.

Siku moja, pale batoto tulikuwa tunachota maji, bwana moja akafika. Amevaa chemise nyeupe, Biblia mukononi.

"Shalom, batoto ba Yesu!"

Akatuombea. Kisha akasema anafanya enquête, ni kusema maswali, ya batoto: mwenye kujibu anapata bonbon, pipi ya sukari.

Kwetu bapentekoti, école du dimanche, masomo ya Biblia ya batoto, iko vile vile. Moniteur, mwalimu wetu, anauliza, unanyanyua mukono, unakula bonbon. Basi mikono ilinyanyuka!

Bwana akauliza: Munasali siku gani? Nani anabakia nyumbani? Mama anafanya kazi gani?

Kaka yangu Ilunga njo alijibu mingi. Alirudi nyumbani mashavu imejaa bonbon.

Mama hakumupiga. (Angemupiga, hatungejua kitu.) Alimukalisha.

"Papa, mwanangu, rudilia maswali, moja moja."

Ku kila swali, anamuuliza: "Jibu ya hii inamusaidia nani?"

Katikati, Ilunga akaacha kutafuna. "Mama, ni mwizi?"

"Sijue. Lakini Yesu anajua kwetu. Hana lazima ya kuuliza batoto."

Siku ya maombi, mama akabeba machine ku kichwa mupaka kanisani. Bamama bakacheka: "Mama Ilunga, leo machine nayo inakuja kuokoka?"

"Ndiyo, muitafutie kiti!"

Tuliporudi, mulango ya nyumba ilikuwa imevunjwa, kitanda imepinduliwa. Machine ingali ku kichwa ya mama.

Sasa, miye pia niko mama. Nimesoma cours du soir tu, masomo ya magaribi, mambo ya internet sijue mingi.

Juzi binti yangu Naomi analeta téléphone: "Mama, ni enquête! Nikimaliza, napata megas za internet za bure."

Juu wameandika "Mungu akubariki". Swali ya kwanza: unapenda rangi gani? Mwishoni: numéro ya muzazi, na code yake ya siri ya pesa ya ku téléphone. Ile pesa njo chakula yetu ya mwezi.

Sikumunyang'anya téléphone.

Nikamwambia Naomi: "Soma kwa sauti, mama, binti yangu. Jibu ya hii inamusaidia nani?"

Ku rangi, alicheka. Ku numéro, akapunguza sauti. Ku code, akafuta yote mwenyewe.

Kisha akapigia camarade, rafiki yake mwenye kumutumia ile enquête: "Weye ulishajibu? Basi ambia mama yako sasa hivi, mbele ya kufanya kitu ingine."

Njo hii nimejifunza: mutoto mwenye kuogopa fimbo anaficha swali. Mwenye kusoma swali kwa sauti mbele yako, anasikia mwenyewe pale inanuka.

Batoto benu banaulizwa nini huko? Andikeni hapa chini. Na weye, usibakie nayo peke yako: pelekea hii ku groupe ya téléphone ya bazazi ya shule yenu leo, mbele batoto batoke ku darasa.