Mpira wa Mwende Uliopotelea Bondeni

Juzi nikinywa chai kwa hoteli pale Malili, niliona kwa televisheni mwanamume akigonga mpira kwa gongo ukatoka nje ya uwanja. Watu wote wakasimama kumshangilia. Nilikasirika hadi chai ikanishinda.

Shule yetu ya Kilungu ilikuwa mlimani. Sisi wasichana tulicheza raundas, kugonga mpira kwa kipande cha mti na kukimbia, kwenye uwanja mwembamba ulionuka vumbi na mapera yaliyooza. Mpira ulikuwa matambara na kamba ya mkonge. Ukiugonga ukashuka bondeni, umetolewa, maana tungeutafuta mpaka kengele ilie. Nilidhani hiyo ni sheria ya dunia nzima.

Siku ya kuchagua timu tulibishana ni nani anagonga kuwashinda wote. Dada yangu Mwende aligonga mara tatu, na mara tatu mpira ukapotelea bondeni.

“Huyu hajui kugonga,” mwalimu akasema. “Ama namna gani?”

“Hajui,” nikajibu, tena wa kwanza.

Mwalimu alikuwa mjinga, na mimi nilimzidi. Mwende aliteremka peke yake kuutafuta mpira, na hakucheza tena.

Juzi hiyo nilimpigia simu kutoka hapo hotelini, nikamwambia yeye ndiye aliyekuwa bora.

“Lakini si nilitolewa?” akaniuliza.