Kopo la Bluu

Kila asubuhi jirani yangu, fundi wa redio, husimama mbele ya kioo kilichotundikwa mlangoni, akimeza maji polepole huku vidole viwili vikishuka shingoni kama mtu anayetafuta stesheni. Akiridhika, hufunga vifungo vya shati. Alikuwa mwanafunzi Kiev mwaka ule kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka, na daktari wa huko alimwonya kwamba uvimbe unaweza kutokea shingoni hata baada ya miaka mingi. Mimi, mwalimu mzima wa sayansi, niliamini unaambukiza. Nilimtengea kopo lake la bluu, na kila alipoondoka nililisugua kwa majivu. Redio aliyonitengenezea niliianika juani siku tatu kabla ya kuiwasha.

Jumapili iliyopita, tukila pondu, yale majani ya muhogo, kwangu, aliacha kutafuna, akanikazia macho. "Petit, mdogo yangu, kuya hapa." Vidole vyake, vinavyonuka waya ulioungua, vikashuka shingoni mwangu. "Meza mate." Nikameza. Vikasimama, vikarudi juu, vikasimama palepale. "Iko kitu hapa. Kesho tunaenda kwa docteur, mimi na wewe."

"Tonton," nikauliza, nikimwita mjomba kama siku zote, sauti ikinitoka kama ya kifaranga, "ni ule uvimbe wa Kiev?"

"Alors, wewe ulifika Kiev lini?"

Hakucheka. Alitaka nimeze tena, lakini mate yalikuwa yamenikauka. Basi akamimina maji katika kopo lake la bluu, akanipa.

"Kunywa tu. Hii kopo unaisafishaka muzuri."