Mwezi Tulioacha Vitumbula

Wazo lilitoka kwa mdogo wangu anayekaa Kampemba, si kwangu. Yeye na kina mama wenzake wa kanisani walikuwa wamepeana shindano kwenye WhatsApp: mwezi mmoja bila kununua kitu ambacho mtu anaweza kuishi bila kuwa nacho. Unga, mafuta, chumvi, sabuni, makala, yaani mkaa, na nauli, basi. Mengine yote yangoje. Alinipigia simu kunieleza kwa sauti ya mtu aliyeokoka jana, nami nikamwambia aniache nipumue, kwa sababu mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi ni shindano tosha, tena la miezi yote.

Lakini kiangazi kilikuwa kinaisha, mvua inakaribia, na mabati ya vyumba vya nyuma wanakolala watoto yalikuwa yameoza. Msimu uliopita tulipanga masufuria juu ya vitanda. Mume wangu ni dereva wa lori, anakwenda Kasumbalesa mpakani na kurudi, na mshahara wake unakuja pale tajiri wake anapojisikia kulipa. Nikaona tusipojibana hatutoki. Basi nikaingia shindanoni, nikamwingiza na yeye, na watoto wetu watatu, ambao hakuna aliyewauliza.

Mume wangu aliweka sharti moja tu: isijulikane. Hapa Katuba ukisema unaweka akiba, kesho yake shangazi anaumwa, binamu anaoa, na jirani ana shida ndogo ya siku mbili tu. Ukisema huna kitu, wanakucheka. Kwa hiyo tukakubaliana kufunga midomo, na watoto tukawatisha wafunge yao. Nilimsifu kwa akili hiyo. Ningejua, ningepita mtaani na kipaza sauti.

Sitasema uongo, mwanzoni nilifurahia. Nywele nilijisuka mwenyewe kwa uzi, mistari ikaenda upande, nikafunga kitambaa. Maharagwe tuliyaloweka tangu jioni yasije yakamaliza makala. Mbabula, lile jiko letu la makala, ikishawashwa ilipika bukari, ugali wetu, ikapika sombe ya majani ya muhogo, ikachemsha maji ya kuoga, na hakuna kaa lililokufa bure. Mume wangu aliacha bia bila kunung'unika, jambo lililonitia wasiwasi, na kweli jioni moja aliponisalimia tu nikasikia harufu ya michopo. Nyama ya mbuzi ya kuchoma, na pilipili juu. Akaniapia kwamba alinunuliwa na dereva mwenzake. Nikamwambia mwezi huu tumbo lake ni la nyumba nzima, na kama amepewa nyama, aje nayo mfukoni tugawane. Watoto walicheka sana. Tulikuwa na raha, kwa kweli.

Kilichotuuma ni vitumbula. Ni vile vya mviringo, vya unga wa ngano, vinavyokaangwa kwenye mafuta mengi asubuhi, na mtu anavila na chai au na uji akielekea kazini. Vya kwetu tulinunua kwa mama mmoja ng'ambo ya barabara, mjane, mkubwa kwangu, niliyekuwa nikimwita yaya, yaani dada mkubwa. Alikaangia mbele ya lango lake, na kwa vitumbula hivyo alikuwa akimsomesha binti yake wa sekondari, peke yake, tangu mumewe afariki. Miaka yote hiyo, kabla hatujatoka nyumbani, vya kwetu vilikuwa vimeshatengwa pembeni na kufunikwa.

Siku ya kwanza nilimwambia leo tunaacha. Akasema hakuna neno. Siku iliyofuata nikasema hivyohivyo, na yeye akasema hivyohivyo, ila safari hii alinitazama. Baada ya hapo nikawa napita upande wangu wa barabara bila kuvuka, maana mwanangu wa mwisho alikuwa akifika pale anagoma kutembea, na harufu ile hata mimi ilinimezesha mate.

Wiki hiyohiyo huyo wa mwisho alikula maembe mabichi na chumvi huko kwa wenzake, tumbo likamharibika. Nikambeba mgongoni hadi kwenye zahanati, mchana kweupe, mtaa mzima, avenyi yote, inatazama. Alipona upesi. Kesho yake binti wa yule mama akaja na sahani ya vitumbula, imefunikwa vizuri, akasema mama yake anasema pole kwa mtoto.

Hapo ndipo nilipojiona mwerevu. Kwetu huwezi kumrudishia mtu sahani yake tupu. Lazima utie kitu ndani, hata mayai mawili, hata fungu la nyanya, na mimi sikuwa na yai wala nyanya, na kununua ilikuwa marufuku. Tena vitumbula vya bure kwa mjane anayeuza vitumbula, si ni kumla mtu? Nikamwambia binti ampe mama asante nyingi, amwambie tumekwisha kula, nikamrudishia sahani vilevile ilivyokuja, na kitambaa chake juu. Njiani kina mama waliokuwa wakichota maji bombani wakamuuliza amebeba nini na anatoka wapi. Akajibu alivyoulizwa. Mimi nilirudi ndani nimeridhika, nikamhadithia mume wangu jinsi nilivyoshinda jaribu.

Jirani anayenisuka nywele siku zote, nyumba chache kutoka kwetu, ndiye aliyenifungua masikio. Nilikutana naye nikitoka shule. Nilidhani ataniuliza kwa nini simpi tena kichwa changu asuke. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Aksanti, madame," akaniambia. "Ulitufungula macho. Sasa siye bote tuliacha."

Nikamuuliza macho gani, na wameacha nini. Akashusha sauti, akanieleza habari ambayo mtaa mzima ulikuwa nayo isipokuwa mimi. Mtoto wa madame aliumwa tumbo. Madame akaacha kununua vitumbula. Akaanza kupita mbali. Mama wa vitumbula akatuma sahani ya kubembeleza, na madame akairudisha imejaa. Na kwa kuwa madame ni mtu wa shule, hasemi hovyo, alinyamaza kwa heshima tu, lakini mwenye akili alielewa. Yule mama ni mlozi, mchawi, anatia mambo kwenye mafuta.

Nikamwambia ni maembe. Nikamwambia tunaweka akiba ya mabati. Mabati! Akacheka mpaka akashika ukuta. Mke wa dereva wa Kasumbalesa akose cha kununulia kitumbula? Akanipigapiga begani, akasema ameelewa, sina haja ya kutaja neno lenyewe. Kila nilivyozidi kueleza, ndivyo alivyozidi kunisifu kwa adabu yangu.

Sasa nikaanza kuona niliyokuwa nikiyapita. Benchi la yule mama asubuhi lilikuwa tupu. Zamani alichukua unga wa ngano kwa gunia, kwa mfanyabiashara wa Kivu anayeuza jumla sokoni. Sasa nilimwona akirudi na kifuko mkononi. Mwanangu mkubwa, anayesoma na binti yake, akanieleza kwamba jiwe limeangukia bati lao, na si mara moja. Katuba tunajua mambo haya yanakoelekea. Kwanza watu hawanunui kwako. Halafu hawakusalimii. Halafu vijana wa avenyi wanakuja kwa kelele, na mama mzima anaondoka kwake na godoro kichwani, akiwa na bahati.

Nilikasirika nusura nipasuke. Nikawakasirikia wale wa bombani, nikamkasirikia msusi, nikamkasirikia mume wangu na siri yake, na mdogo wangu na WhatsApp yake. Mimi mlozi simwogopi. Ninachoogopa ni bei ya mafuta ya kupikia. Na bado sikuona nilikosea wapi. Mtu ana haki ya kutonunua. Nilijiambia hivyo nikivuka barabara kwenda kwa yule mama, nikarudia hadi langoni kwake.

Alinipokea wima. Kigoda kilikuwepo, hakunikaribisha. Nikamweleza yote: shindano, mabati, siri, maembe, sahani, mayai ambayo sikuwa nayo. Alisikiliza mpaka mwisho. Miaka yote alikuwa akiniita mdogo wake.

"Ungeniambia tu, madame," akasema. "Siri ya mabati, mi ningechunga."

Nikasema kesho asubuhi tutakuja kula kwake, sisi sote, mbele za watu. Akaniuliza tu kama mtoto amepona.

Mdogo wangu nilipomweleza kwa simu, akaniambia nikinunua vitumbula nimetoka shindanoni, na mwezi ulikuwa umebaki kidogo sana. Nilimjibu neno ambalo halisemwi kwenye kundi la kanisa, nikakata.

Asubuhi nikawavalisha watoto sare, nikamlazimisha mume wangu avae shati lake la Jumapili, tukavuka barabara. Nilichagua saa ambayo wanafunzi wanapita na wafanyakazi wanangoja teksibasi ya kwenda mjini, watu wamejaa kila upande. Tukakaa kwenye benchi, watano, tukalijaza. Mafuta yalikuwa yanachemka na hakuna mnunuzi. Nikaagiza kwa sauti ninayotumia darasani wanafunzi wa nyuma wanapopiga kelele. Kisha nikageukia barabara, kwa sababu nikishaanza huwa sijui kuacha, nikawaambia wote wanaosikia kwamba mwezi huu nyumbani kwangu tumekula uji wa mahindi kwa sababu ya mabati, kwamba mwanangu aliharibiwa tumbo na maembe mabichi, na kwamba mwenye neno lingine juu ya mama huyu alilete hapa nilisikie. Mpiga debe mmoja akacheka. Wengine wakatazama chini, wengine wakatutazama sisi. Hakuna aliyesogea.

Yule mama akaopoa kitumbula cha kwanza kwenye mafuta, akakiweka kwenye sahani, akakipuliza. Nikanyoosha mkono. Hakunipa. Akakimega katikati, akatia nusu kinywani mwake, akatafuna polepole, akameza. Alikuwa ameelekea barabarani, hakuwa akinitazama mimi. Ndipo akanipa nusu iliyobaki.

Kwetu anayekupa pombe au chakula anaweza kuonja kwanza, uone kwamba hakuna dawa ndani. Anafanyiwa hivyo mgeni asiyejulikana, au mtu anayekushuku. Mimi nilikuwa nikila kwa mama yule tangu niolewe, na hakuwahi kunionjea kitu.

"Acha bantu baone," akasema.

Nikala. Sikusikia ladha yoyote. Akamfanyia mume wangu vilevile, akamega, akala, akampa. Akamfanyia mkubwa, akamfanyia wa pili. Wa mwisho, mwenye hamu ya mwezi mzima, alirusha mkono achukue kizima. Akamwondolea taratibu, akamega, akala kwanza. Mtoto akaangua kilio kwamba mama wa vitumbula amekula kitumbula chake, na yule mama naye, mdomo ukiwa umejaa, machozi yakamtoka, akaendelea kutafuna. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mpaka pale nilikuwa bado na hoja zangu zote kichwani. Zikaniishia pale benchini.

Watu walirudi, si wote kwa siku moja. Mpiga debe ndiye aliyeanza, asubuhi ileile, labda kwa njaa tu. Msusi alichukua muda, kisha akaja na kunung'unika kwamba bei imepanda, na hapo nikajua yamekwisha. Mawe yaliacha. Binti bado anasoma. Mabati tulipata pungufu kidogo, chumba kimoja tukakifunika kwa turubai mpaka mshahara wa lori ulipokuja, na mdogo wangu anasema hadi leo kwamba shindano nilishindwa.

Kwa yule mama tunanunua kila siku. Wateja wengine anawafungia vyao kwenye karatasi, anapokea pesa, wanaondoka. Mimi nikifika, anaopoa kimoja, anamega, anakula, halafu ananipa. Nimemwomba aache. Nimemwomba peke yetu, nimemwomba mbele ya binti yake, nimemwita yaya, nimemshika mkono. Anajibu kwa upole kwamba amezoea tu, nisijali. Basi napokea nusu yangu, nasimama palepale mbele yake, natafuna hadi namaliza, nafungua kinywa aone kwamba nimemeza. Ndipo ananiuliza leo nafungiwa vingapi.