Isale Nililopokea kwa Aneth

Msije mkaniambia nilikuwa na homa, au kwamba nilisinzia kwenye cherehani. Homa sikuwa nayo, jua lilikuwa halijazama, na hicho ninachowaambia nilikishika kwa mkono wangu huu. Anayetaka kubisha abishe, ila anisikilize kwanza.

Mimi ni fundi nguo hapa Moshi mjini, na sebuleni kwangu nina tangi la kioo la maji ya chumvi. Najua, bahari iko mbali. Maji nachanganya mwenyewe na chumvi maalumu. Wenzangu hufuga samaki wa rangi. Mimi nilipenda vidudu: kamba wadogo kama chawa, konokono wa ukubwa wa punje ya mchele, kaa anayeenea kwenye kifungo cha shati, minyoo inayochungulia mchangani. Ukitaka wawe wa aina nyingi, usiweke samaki wa kuwala, usisugue kila kitu king'ae, waachie rundo la mawe yenye matundu wajifiche. Halafu tafuta mwenzako mwenye tangi mbadilishane konzi ya mchanga, maana kila mchanga una wageni wake.

Mwenzangu huyo alikuwa Aneth wa Kilema. Tulipata kipaimara pamoja, na ugonjwa huu wa matangi tuliambukizana. Kila akishuka mjini aliniletea mchanga kwenye ndoo, nami nikampa wangu. Tangi langu likachangamka mpaka walimu wakawa wanaleta watoto kulitazama.

Mwaka jana akaniletea mawe, akasema yametoka Tanga. Niliyapokea kwa mikono miwili. Wiki haikuisha kamba wakaanza kulala ubavu, konokono wakawa wanadondoka kwenye kioo. Nililia, niaminini, mtu mzima nalilia vidudu! Aneth akaja, akakunja mikono ya blauzi, akanisaidia kuwaopoa kwa chujio la chai. "Pole mwenzangu," akasema, "labda ni hiyo chumvi." Nikabadilisha chumvi. Wakaendelea kufa, tangi likabaki maji na mawe.

Sasa sikilizeni. Jioni moja nashona sare za shule, nikasikia hodi. Ni Aneth, amesimama nje, ana isale mkononi. Kama hukulelewa huku mlimani, isale ni lile jani refu la kijani linaloota mipakani mwa mashamba. Mtu akikukosea akakuletea isale, huwezi kumnyima msamaha. Na ukishalipokea, kosa lile halitajwi tena.

"Pokea," akasema. Salamu hakuna.

"Isale tena? Umenikosea nini wewe?"

"Pokea kwanza."

Nikadhani ni kwa sababu hakuja kwenye kipaimara cha mwanangu. Nikacheka, nikalipokea. Lilikuwa baridi mpaka vidole vikauma.

"Haya, yameisha, nimekusamehe. Ingia unywe chai."

Niligeuka kuchukua chupa ya chai, na niliporudi hapakuwa na mtu. Jirani yangu mpaka leo anasema alinisikia nikicheka peke yangu mlangoni.

Chai sijamimina, simu ikaita. Alikuwa mume wa Aneth.

"Dada, Aneth ametutoka. Alianguka asubuhi akienda kukatia ng'ombe majani."

Nami nimesimama na isale mkononi. Ungekuwa wewe ungemjibu nini?

Kesho yake nikapanda Kilema. Shemeji akanivuta pembeni, nyuma ya banda la ng'ombe.

"Dada, kuna jambo linanikaba. Yale mawe hayakutoka Tanga. Aliyalowesha kwenye dawa ya shaba, ile ya kutibia samaki."

"Shemeji, si inaua vidudu vyote ile?"

"Alijua. Alisema kila mgeni aliyekuja hapa alimuuliza, umeliona tangi la mwenzako? Juzi usiku alilia sana, akakata isale, akasema asubuhi atashuka kwako. Hakuwahi."

Nikafungua mkoba, nikamwonyesha. Shemeji akakaa chini palepale kwenye samadi.

Lakini Aneth! Aliyeshika chujio la chai akanipa pole! Niliuma meno mazishi yote. Nilitaka kupiga kelele watu wajue, nikakumbuka nimeshapokea. Nimsemee kwa nani, na mimi mwenyewe nimesema yameisha?

Na balaa halikuishia hapo. Mawe yaliyonyonya shaba ni sumu, hayafai tena, muulize yeyote anayefuga. Nilipotoka mazishini nikasema nikayatupe. Nikakuta kamba wanatembea juu yake. Siku za mbele wakatokea konokono wa milia, kisha nyota wa bahari wadogo kama kucha, aina ambazo sikuwahi kuwa nazo na sijaletewa na mtu. Mpaka leo wanazidi. Wageni wananipa hongera kwa tangi. Mimi nimelifunika kitambaa. Ananilipa, naona, na malipo yake siyataki, ila kumkatalia siwezi.

Kwa hiyo wewe unayenisikia, akija mtu na isale mlangoni, hata awe mwandani wako wa utotoni, mwache mkono wake uning'inie. Mwambie ataje kwanza alichokutenda, neno kwa neno. Asipotaja, funga mlango. Hasira ile ilikuwa haki yangu, na mimi niliitoa bure, nikicheka.